Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Tangazo la bure lina anayelilipia

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, pwani ya Kenya, katika chumba cha juu cha nyumba ya mawe huku Mkomani. Nusu ya chumba ni studio, nusu ni stoo ya mwenye nyumba. Ukutani tumetundika magodoro ya sponji na trei za mayai ili sauti isirudi. Mashine ya kurushia matangazo iko pembeni, feni mbili zinaipuliza isichemke. Ni saa tano usiku, nimemaliza zamu yangu, na kesho saa moja na nusu niko darasani, kwa kuwa kazi inayonilisha ni ualimu. Hii ya redio naifanya mwaka wa saba sasa bila mshahara. Sikuutaka nilipoingia na leo pia sikuandikii kuuomba.

Nataka tuzungumze juu ya neno kujitolea. Kila mkutano ninaohudhuria, wakubwa wanatusifu kwa neno hilo, na kila nikilisikia najiuliza kama wanajua linatoka mfukoni mwa nani.

Sheria ya habari na mawasiliano ya mwaka 1998, ilivyorekebishwa mwanzoni mwa 2009, inatambua utangazaji wa aina tatu: wa umma, wa binafsi, ambao ndio huu wa biashara, na wa jamii. Sisi ni wa tatu. Hatugawani faida, kikipatikana kitu kinarudi redioni na kwa jamii yenyewe. Matangazo ya biashara tunayokubaliwa ni yale yanayohusu watu wa eneo letu. Sina ugomvi na sheria hiyo. Bila masharti kama hayo, masafa ya jamii yangeshikwa na wenye pesa siku ya pili tu. Ila watu wa eneo letu ni wavuvi, wajenzi wa mashua, wasuka mikeka wa Matondoni, mafundi wa kuchonga milango, wenye punda wa kubeba matofali, na hoteli zinazofunga milango wageni wakipungua. Mwenye duka la nyavu akitutangazia biashara yake, mwezi mmoja analipa, miezi mitatu anatuletea samaki. Tunampokea kwa shukrani, na tunagawana. Lakini bili ya stima hailipwi kwa samaki.

Naomba nikueleze kazi moja tu kati ya kazi zetu, ili uone uzito wake.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za upepo na mawimbi. Zinatufikia zikiwa kwa Kiingereza, urefu wa mawimbi umepimwa kwa mita. Nahodha wa Kizingitini hakuulizi mita. Anataka kujua kama mlango wa bahari utapitika, na kama akitoka na maji ya alfajiri ataweza kurudi kabla upepo haujapanda. Kwa hiyo kila jioni mwenzetu mmoja, mvuvi wa zamani aliyehamia kazi ya kushona matanga, alikuwa anakaa na ile taarifa mkono mmoja na jedwali la maji kujaa na kupwa mkono wa pili. Anapiga simu Faza, anapiga Kiwayu, anauliza bahari imeamkaje kwao. Ndipo anaingia hewani saa kumi na mbili na nusu kwa Kitikuu, lugha ya Wabajuni: wa dau dogo asitoke nje ya miamba kesho, wa kupita mlango wa Mkanda angoje maji yajae, maana si bamvua, siku za maji makubwa, na boti itakwama. Kisha mimi narudia kwa Kiamu. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipoanza kazi Mei 2021, tunaongeza na habari za meli kubwa tunapozipata, kwa sababu mtu aliyelala juu ya nyavu zake usiku hana taa ya kuonekana na meli ya makontena.

Kuna walioniuliza kwa nini tusiseme Kiswahili sanifu kimoja tukamaliza. Sanifu tunaitumia, nami naifundisha. Lakini bibi wa Siyu aliyezoea ndia na mato na moya akisikia njia na macho na moja anajua huyo ni mtu wa serikali anasoma karatasi. Akisikia lugha yake anajua huyo ni jirani, na onyo la jirani anaitikia. Miezi ya upepo wa kusi, kuanzia Mei kwenda Agosti, tofauti hiyo ni ya uhai.

Kazi yote hiyo ilimla mwenzetu saa mbili kila siku, na ni saa za mwanga, saa ambazo fundi wa matanga hupata riziki yake. Siku moja mkewe alipanda ngazi mpaka studio. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa, akanywa chai, kisha akaniambia, "Mwalimu, hiyo redio yenu inakula kwangu." Alikuwa anakopa unga dukani ili mumewe awasomee upepo watu wa kisiwa kizima cha Pate. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Mume aliendelea miezi mingine minne, akaacha. Tulipoanza tulikuwa watu kumi na wanne. Tumebaki watano, na katika hao wawili ni wanafunzi wanaongoja matokeo.

Wengine wanaondoka kwa heri. Alikuwako msichana aliyeingia hapa hata kushika maikrofoni anatetemeka. Baada ya miezi minane alikuwa anaweza kumhoji mkuu wa idara bila woga, kuhariri sauti kwenye kompyuta na kuendesha kipindi cha kina mama cha Jumanne usiku ambacho hata wanaume walikuwa wanakisikiliza kwa siri. Redio moja ya biashara mjini Mombasa ikamchukua. Nilimsindikiza gatini mwenyewe, na nilifurahi kwa moyo wangu wote, maana ana wadogo zake wa kusomesha. Jumanne iliyofuata tukaweka nyimbo saa yake yote. Sisi ni chuo, Mheshimiwa, chuo ambacho kila anayehitimu anaondoka na hakuna anayekilipia ada. Hata kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari, inayolipiwa kila mwaka, kijana asiye na mshahara anaitafutia pesa kwa kubeba mizigo.

Kisha kuna chumvi. Hewa ya hapa inakula chuma. Mwaka jana, kusi imekolea, viungo vya antena vililiwa vikakatika, mashine ikawa inarudishiwa nguvu zake yenyewe mpaka ikaungua sehemu. Fundi yuko Mombasa. Tukaifunga kwa mablanketi, tukaivusha kwa boti hadi Mokowe, ikapanda basi, basi likangoja msafara wa askari. Vipuri havikupatikana upesi. Tulikuwa kimya wiki tatu. Jioni ya kwanza wavuvi sita walikuja kusimama chini ya dirisha kuuliza kumetokea nini, na jioni ya pili walikuja zaidi. Ikabidi mimi na mwenzangu tuwe tunashuka uwanja wa Mkunguni baada ya magharibi tukasome taarifa ya bahari kwa mdomo, kama zama za wapiga mbiu.

Hata mashine ikiwa nzima, mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama jicho linavyoona, kwa hiyo kimo cha mnara ndicho umbali wa sauti. Visiwa vyetu ni tambarare, hakuna kilima cha kutubeba. Na mji wa kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, huwezi kusimamisha mnara mrefu juu ya mapaa yake, wala sisi hatutaki. Basi tunasikika vizuri Shela, Matondoni, Manda na Mokowe. Kisiwa cha Pate tunafika kwa kukatakata. Kiunga hatufiki kabisa. Watu wa Kiunga tunawatumia sauti kwa WhatsApp, kwa bando la anayekuwa na bando siku hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilituletea tangazo la afya ya watoto. Ikaomba lisomwe mara sita kwa siku kwa wiki mbili, kwa Kiamu na Kitikuu, tafsiri tufanye wenyewe. Kampeni ile ilikuwa na bajeti. Fulana zilichapishwa, mabango yakachapishwa, kumbi zikakodiwa, redio za biashara zikalipwa. Tulipouliza fungu letu tukaambiwa: nyinyi si wa biashara, nyinyi ni wa jamii. Stima ilikatika siku tano katika zile kumi na nne. Petroli ya jenereta, ambayo huku hufika kwa boti na bei ya boti juu yake, ilitoka mfukoni mwa nahodha wa boti ya abiria anayetangaza kipindi cha michezo. Tangazo tulilisoma lote, mara themanini na nne, kwa sababu watoto wale ni wetu. Ofisi zinajua hatuwezi kuliacha tangazo la mtoto au la bahari, na kwa kujua hivyo zinatuacha nje ya hesabu zao. Hilo linaniuma, nalisema wazi.

Ninaloomba ni hili. Toa agizo kwamba ofisi yoyote ya umma yenye fungu la uhamasishaji, ikitumia redio ya jamii kufikisha ujumbe wake, ilipe kwa bei inayojulikana, iliyotangazwa, hata ikiwa ni robo ya ile ya redio za biashara, na ilipe ndani ya siku thelathini. Tafsiri nayo ihesabiwe kuwa ni kazi. Tahadhari za dharura tutazirusha bure saa yoyote, kama siku zote. Hizo si za kulipiwa na hatutazitoza kamwe.

Utaniuliza kwa nini nisiombe ruzuku, maana ndiyo inayoombwa na wengi. Tumelijadili sana hapa, hata kwa sauti kubwa. Mimi naiogopa ruzuku. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 34 inaulinda uhuru wa vyombo vya habari, lakini mtu anayekupa mafuta ya jenereta kila mwezi ana namna ya kukufanya uchague maneno bila yeye kusema neno. Bei ni kitu kingine. Aliyenunua dakika mbili amenunua dakika mbili, na ya tatu naweza kumuuliza maswali. Homa Bay ilipata redio Mei 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikahesabiwa kuwa redio ya kwanza ya jamii katika Afrika, na haikutimiza hata miaka mitano. Sitaki yetu iegemee mkono mmoja, uwe wa mfadhili au wa serikali.

La pili ni dogo na halina gharama kubwa. Serikali imekwisha anza utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Vijana wetu waingizwe humo. Aliyeendesha kipindi mwaka mzima, akahariri, akatengeneza waya uliokatika gizani, apimwe na apewe karatasi inayosema anajua. Nyumbani kwake wakiona karatasi hiyo, zile saa anazotupa hazitaonekana zimemwagika.

Antena tumeirudisha juu, safari hii viungo tumevipaka grisi na kuvifunga mpira. Bajeti ya taifa husomwa Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, wakati ambao kusi imekolea na wavuvi wanategea masikio saa kumi na mbili na nusu. Fundi wa matanga nimekwenda kumwona wiki iliyopita. Yuko tayari kurudi kwa siku tatu za wiki, akilipwa zile saa mbili tu, na mkewe amekubali. Nimemwambia nitamletea jibu kabla ya Julai.

Nakungojea.

Wako,
Mwalimu, mtangazaji wa kujitolea
Mkomani, Amu