Barua kwa somo: kiti cha mbele au cha nyuma?

Columbus, Ohio
7 Septemba 2025

Somo yangu wa dhati,

Asalaam alaikum. Wa baada ya salamu, sisi huku ni wazima, baridi bado haijaanza kutung'ata, na mpwa wangu amerudi shule sauti imemkauka kwa mayowe ya Agosti. Mayowe hayo ndiyo yaliyonikalisha kitako nikuandikie, maana swali ulilonitumia kwa simu lilikuwa fupi na jibu lake ni refu. Umesema Desemba mnakwenda Abu Dhabi kwa shemeji, watoto wamekuganda wanataka kupanda ile rola kosta, yaani treni ya kuchezea inayopanda na kuteremka vilima vya reli, katika uwanja wa michezo wa Ferrari World, na wewe unataka kujua mambo mawili: utakufa au hutakufa, na ukae kiti gani.

Hutakufa. La kiti ndilo lenye maneno.

Kwanza nikurudishe Makadara. Unakumbuka siku za Idi, lile pembea la duara la mbao, vijana wawili wakilizungusha kwa mikono? Kisanduku chetu kikifika juu wewe ulikuwa unafumba macho na kunikamata mkono hadi kucha zinaingia. Mimi nilikuwa nangoja kushuka. Na ile safari ya Lamu kwenda Pate kwa mashua, kusi imechachamaa: tunapanda mgongo wa wimbi, kisha wimbi linaondoka chini yetu. Watu wanasoma dua, mimi nacheka, shangazi akanifinya paja nikanyamaza. Kilichonichekesha ni ile nukta mashua imekwisha kushuka na wewe bado hujashuka, tumbo limebaki juu kama kofia iliyosahauliwa msumarini. Basi somo, hicho ndicho watu wa huku wanachokitafuta kwa udi na uvumba. Wana neno lake, eataimu, yaani muda ambao makalio na kiti vimeachana. Wanaupima kwa sekunde, na wanabishania sekunde hizo kama wazee wa barazani na bao.

Mwaka huu tulikwenda Cedar Point, katika mji wa Sandusky, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka hapa. Uwanja wa zamani huo, watu wanakwenda kujistarehesha pale tangu 1870. Umekaa kwenye ulimi wa ardhi ulioingia Ziwa Erie, na ukiwa njiani unaukaribia unaona vilima vya chuma vimesimama juu ya maji kama milingoti ya majahazi yaliyoshusha tanga. Macho yatakwambia hii ni bahari. Pua itakataa, hakuna harufu ya chumvi, na mpaka leo jambo hilo linanichanganya.

Tulifuata ile mpya, iliyofunguliwa tarehe 28 Juni, jina lake Siren's Curse. Kwa Kiswahili ningeiita Laana ya Nguva, ingawa nguva wa kwetu ana haya zake, sijasikia amemlaani mtu. Ufundi wake ni huu: treni inavutwa kwa mnyororo hadi mita 49, inasogea taratibu juu ya kipande cha reli, inasimama. Mbele ya kipande hicho hakuna reli. Imekatwa. Unaona hewa tupu, na watu chini kama punje za mchele. Kisha kipande kizima, pamoja na nyinyi mliomo, kinaanza kuinama, pole pole, hadi mnatazamana na ardhi uso kwa uso, nyuzi 90 kamili, uzito wote umeegemea chuma cha mapajani. Hapo ndipo ncha ya reli ya juu inapokutana na ya chini, zinafungana, na mnaachiwa.

Foleni yake ilikuwa ya saa moja na nusu, na sikuchoka, kwa sababu ya mabishano. Nyuma yetu alisimama mzee mmoja mwenye fulana iliyofubaa, mwanachama wa chama chao cha mashabiki, American Coaster Enthusiasts, ambacho kipo tangu 1978. Mzee huyo anahesabu rola kosta alizopanda kama mtu anavyohesabu wajukuu, na mpwa wangu, mwenye daftari la arubaini na moja, alimtazama kama aliyekutana na sharifu. Mzee hakuipenda ile mpya. Alisema kule kuinama ni kiini macho: ukishaipanda mara tatu mwili unaujua ujanja, na kinachofuata baada ya hapo kimekwisha kabla hujakaa sawa. Mabinti wawili waliokuwa mbele yetu wakamvaa. Wao walikuwa wamepanda asubuhi na wanarudia. Wakasema haikutikisi, shingo haigongwi, na vyuma vinapita karibu na kichwa hadi unainama bila kutaka. Mpwa wangu aliunga mkono mabinti, kwa sababu ambazo sidhani zilihusu uhandisi.

Wiki za mwanzo ilisimama mara kadhaa watu wakiwa wameinamishwa hivyo hivyo, na video zikazagaa, labda hata wewe ulizipata. Nilimuuliza mzee kama hilo halimtishi. Akasema mashine inayogoma inapohisi kitu hakijakaa sawa ndiyo mashine yenye adabu. Jibu hilo lilinituliza kiasi, kisha nikageuka nikaona tumefika mlangoni.

Maoni yangu? Utamu wa Laana ya Nguva uko kabla ya safari. Ule muda wa kuinama, spika za kwenye kiti zinaimba na miguu yangu inatafuta kitu cha kukanyaga, niliahidi mambo mengi kwa Mola ambayo sasa inabidi niyatekeleze. Baada ya kuachiwa ni nzuri, inapinduka mara mbili, inafika kilomita 93 kwa saa, halafu umerudi. Nilishuka natabasamu. Sikushuka natetemeka.

Natetemeka nilishukia kwenye Steel Vengeance, na hapa naomba univumilie, maana nyumbani wamechoka kunisikiliza. Pale pale ilikuwepo rola kosta ya mbao ya 1991 iliyoitwa Mean Streak, kubwa, maarufu mwanzoni, na ilivyozeeka ikawa inawapiga watu migongo hadi foleni yake ikabaki tupu. Ilifungwa 2016. Badala ya kuivunja, wakawaita mafundi wa Rocky Mountain Construction kutoka Idaho, ambao kazi yao ndiyo hiyo: wanaacha mifupa ya mbao isimame, wanaongeza na kurekebisha, kisha juu yake wanalaza reli ya chuma. Mwaka 2018 ikafunguliwa na jina jipya. Kimo chake mita 62, mwendo kilomita 119 kwa saa, inakugeuza kichwa chini miguu juu mara nne, na jumla ya muda unaokuwa umeachana na kiti ni zaidi ya sekunde 27. Somo, safari yote ni dakika mbili na nusu. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna kuelea na kuna kurushwa, na mashabiki hawachanganyi mambo hayo mawili. Kuelea ni kama ukiwa ndani ya maji ya kifua, Nyali, bahari imetulia, wimbi dogo likakunyanyua. Kurushwa ni mashua ya Pate. Steel Vengeance inakurusha. Inapita juu ya kilima, wewe unataka kuendelea kwenda mbinguni, chuma cha mapajani kinakataa, na kabla hamjaelewana umeshaingia ndani ya ule msitu wa mbao, nguzo zinakupita kulia na kushoto, kisha kilima kingine. Mwisho mwisho vilima ni vifupi na vinafuatana mbio mbio, kama mtu anayekung'uta mkeka, na mkeka ni wewe. Nilicheka hadi machozi. Shangazi angekuwepo angenifinya tena.

Wapo wanaosema ni nyingi mno, kwamba mwili haupati nafasi ya kupumua. Hao huwapeleka watu Millennium Force, ya mwaka 2000, mita 94, kilomita 150 kwa saa, unashuka ukilitazama ziwa lote. Wenzao wanawacheka, wanasema ile ni kwenda mbio tu, haikunyanyui popote. Mimi niliipanda jioni jua likizama, na kwa wakati huo sikuwa na haja ya kunyanyuliwa.

Na Top Thrill 2 sikuipanda, usiniulize. Hiyo inakusukuma mbele, ukashindwa kufika juu ukarudi kinyumenyume, ukapanda mnara wa mita 128 mgongo ukitangulia, kisha inakutupa mbele tena kwa kilomita 193 kwa saa uvuke kilima chenye urefu ule ule. Ilifunguliwa Mei 2024, ikafungwa baada ya siku chache ili treni zirekebishwe, ikarudi mwaka huu. Mpwa wangu alipanda mara mbili. Wakongwe wanalia na ya zamani iliyokuwa mahali pale, iliyokuwa na msukumo mmoja tu, kofi moja la kushtukiza. Wanasema misukumo mitatu inakupa muda wa kufikiri. Mimi nilikuwa chini nimeshika mikoba, nikafikiri kwa niaba ya wote.

Sasa kiti. Treni ni ndefu. Mbele inapovuka kilele na kuanza kuinama, nyuma bado inapanda, kwa hiyo wa mbele huning'inia kidogo wakiwangoja wenzao. Uzito ukihamia upande wa kushuka, treni inashika kasi, na wa nyuma wanapofika kileleni wanavutwa kama mkia wa tiara. Ndiyo maana kwenye Steel Vengeance watu wanagombea behewa la mwisho. Wanaopenda mbele wanapenda upepo na kuona, kwamba hakuna kisogo cha mtu kati yako na kinachokuja.

Ya kwenu, Formula Rossa, ni mnyama mwingine. Ipo tangu 2010, na kwa miaka mingi hakuna iliyoishinda kwa mbio duniani, hadi Saudia walipojenga nyingine Qiddiya ya kuivua taji. Hakuna kupanda taratibu kwa mnyororo. Inakusukuma kwa mitambo ya mfano wa ile inayorushia ndege za kivita kutoka melini, na katika kama sekunde tano uko kilomita 240 kwa saa. Kilima chake kirefu hakizidi mita 52, kwa hiyo usiitegemee kwa kuelea. Wenyewe mashabiki wanagawanyika juu yake: wengine wanasema ukiondoa ule mwanzo hakuna la kusimulia, wengine wanasema mwanzo ule peke yake unatosha kukatia tiketi ya ndege. Mimi sijaipanda, lakini kwa ninavyozijua hizi, ikiwa starehe yenyewe ni upepo, nenda kaupokee mwanzo kabisa. Kaa mbele. Watakupa miwani ya kuzuia mchanga, usiikatae ukadhani ni mapambo. Mdomo ufunge, nakujua.

La ushungi: mimi nilivaa ule wa michezo, unaobana kidevuni, nikauchomeka ndani ya blauzi, haukusogea. Pini zote niliziacha ndani ya gari. Mwanao mdogo watampima urefu mlangoni. Akikosa, mwachie shemeji, na shemeji ataficha furaha yake.

Msalimie mama, mwambie kachiri alizonipa mara ya mwisho ziliisha kabla sijafika Nairobi. Na siku hiyo ukishuka, kabla hujanywa maji wala hujavua miwani, nitumie ujumbe wa sauti. Usiseme kitu. Nataka nisikie unavyohema.

Ni mimi somo yako,
wa Makadara