Mtoto akibadilika ghafla, aulizwe kwanza kama anaumwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wazazi wenzangu, na hasa walimu wa sekondari.

Mwanangu alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, alipoanza kusema tunamtilia kitu kwenye chakula. Likizo ile alikula mayai ya kuchemsha tu, tena amenye mwenyewe. Yai likiwa na ufa, hata mdogo kama unywele, halili. Usiku anaziba matundu ya dirisha kwa magazeti, eti majirani wanamsikiliza. Mimi nikadhani ni mambo ya balehe. Baba yake akaona ni kiburi.

Alivyorudi shule haikupita muda tukaitwa. Hatukuulizwa kama analala, wala kama anasikia sauti. Tuliulizwa ameanza bangi lini, akasimamishwa masomo. Shangazi yake akasema ni jini. Tukaenda kwa shehe, tukaenda kwa mganga, mbuzi wawili wakaondoka. Simlaumu wifi yangu, alimpenda mtoto na alisaidia kwa alichokijua. Zahanati nako alipimwa malaria na taifodi, tukarudi na vidonge vya usingizi. Miezi minane ikaisha hivyo.

Usiku mmoja tulimkuta barabara kuu, peku, anabishana na mtu asiyekuwepo. Jirani yetu muuguzi ndiye aliyetuambia: mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha afya ya akili. Daktari alitueleza taratibu kwamba ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara nyingi huanza umri huu wa ujana, na kwamba mgonjwa akikaa muda mrefu bila tiba, kupona vizuri kunakuwa kugumu zaidi. Bangi inaweza kuuchochea, lakini wapo wanaougua na hawajawahi kuigusa. Nikahesabu ile miezi minane, machozi yakanitoka palepale mbele ya daktari.

Walimu wetu, mtoto aliyekuwa anafaulu akiacha kuoga, akijitenga, akicheka au kuongea peke yake, tuambieni tumpeleke hospitali. Suala la nidhamu litasubiri. Na sisi wazazi tuache kuogopa jina la Mirembe. Huku mtaani ni tusi, lakini kule Dodoma ni hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanatibiwa na kurudi makwao. Nakiri na sisi tulichelewa kwa kuogopa watu watasema mtoto wetu ni wa Mirembe.

Serikali nayo isituache na dirisha la dawa lisilo na dawa. Mwezi uliopita tuliambiwa tukanunue nje, na mgonjwa wa namna hii akikatisha dozi, hali inaweza kurudi kulekule.

Sasa anameza dawa kila jioni na anakula nasi ugali wa sufuria moja. Madaftari yake ameyajalidi upya mwenyewe. Barua ya kuomba arudi darasani tulishaipeleka shuleni pamoja na cheti cha daktari. Hii ni wiki ya tatu, hatujajibiwa.

Mama wa mwanafunzi,
Morogoro