Bogenvilia haina dume

"Umeniuzia dume." Hayo ndiyo maneno tunayopokelewa nayo hapa kitaluni kila mvua ndefu zikiisha. Mteja anashuka kwenye boda boda, simu mkononi, anakuonyesha picha ya bogenvilia iliyonawiri ajabu: majani mapana, matawi yamevuka ukuta, na ua hakuna hata la dawa. Juzi mama mmoja wa upande wa Nyamasaria aliyasema kwa sauti mbele ya wateja wengine na akataka arudishiwe pesa zake. Nimeona heri niandike mara moja, nisiwe narudia maneno yale yale kila Juni.

Mpapai una dume na jike, na ukiuziwa dume una haki ya kugomba. Bogenvilia haina mambo hayo. Kila ua lake lina upande wa kiume na wa kike ndani yake. Tena ile rangi unayoipenda, ya zambarau au nyekundu au ya chungwa, si ua lenyewe. Ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Yafunue kwa kidole utaona vijineli vitatu vyembamba, vyeupe mdomoni, kila kimoja kimeshikamana na jani lake. Hayo ndiyo maua. Na miche yetu yote inatokana na vipandikizi vya miti mama iliyo hapa hapa kitaluni, ambayo tumeiona ikichanua. Mche wa kipandikizi humfuata mama yake kwa kila kitu, kwa hiyo kama mama alichanua, mtoto anao uwezo huo.

Ukija na malalamiko, jambo la kwanza nitakalokuuliza ni nani anayemwagilia. Kwa yule mama wa Nyamasaria alikuwa kijana wa kazi, asubuhi na jioni, kwa mpira, bila kukosa. Na udongo wa kule ni ule mweusi unaopasuka nyufa kiangazi na kunata gumbootini ikinyesha. Maji yakiingia hayatoki. Juu ya hayo kulikuwa na mbolea ya CAN iliyobaki baada ya kuongezea mahindi, ikaonekana ni dhambi kuitupa, ikamwagwa shinani. CAN ni nitrojeni, na nitrojeni kazi yake ni majani. Bogenvilia iliyoshiba maji na nitrojeni haioni sababu ya kuchanua. Asili yake ni Brazili na nchi jirani za Amerika Kusini, na inapoonja ukame kidogo ndipo inapotoa rangi. Ndiyo maana hapa Kisumu zinapendeza zaidi Januari na Februari, mvua ikiwa imepungua. Panda kilima cha Riat uone zilivyokaa kati ya mawe, hakuna anayezibembeleza.

Kwa hiyo iliyo ardhini ikishashika, tuseme baada ya miezi mitatu, iachie mvua. Iliyo kwenye chungu ingoje udongo ukauke, majani yaanze kulegea kidogo mchana, halafu mwagilia mpaka maji yatokee chini, uiache tena. Wenye udongo mweusi, msichimbe shimo mkalijaza samadi mkadhani mmemaliza, maana shimo hilo litageuka karai la maji. Inua tuta, changanya mchanga mnene na samadi iliyooza sawasawa, panda juu ya tuta. Nilimwambia yule mama akate maji kabisa na asiguse mbolea. Hakufurahi. Alitaka dawa ya chupa, na dawa hiyo sina.

Kivuli nacho. Chini ya mwembe hutapata kitu. Bogenvilia inataka jua kali kwa muda wa saa sita kila siku, si mwanga, jua. Kuna hoteli iliyotuagiza vyungu vikubwa vya kupanga ndani ya veranda, tukawaambia, wakasema mchoraji wao ameshaamua. Rangi zilianguka zote, kisha tukapigiwa simu kwamba tumepeleka miche mibovu. Tulipoihamishia kando ya maegesho ilichanua tena, na nauli ya kuihamisha tuligharamia sisi.

Halafu kuna panga. Fundi wa kukata uzio wa mimea amezoea kayaba, anataka ukuta wa kijani ulionyooka, basi kila baada ya wiki mbili anapita akisawazisha. Bogenvilia hutoa maua kwenye machipukizi mapya, kuelekea ncha. Ukikata ncha kila mara umekata maua kabla hujayaona. Ngoja wimbi moja la maua liishe, kisha punguza matawi marefu kama theluthi, uyaache yachipue kwa utulivu. Vaa glavu ngumu, miiba yake haina urafiki.

Sasa tuje kwenye bei, maana najua wengi mnaposoma mmekuwa mkiingojea. Mche wetu mdogo ni shilingi 250, na uliokwisha kujaza chungu unaanzia 1,500. Barabarani utapata mkubwa wa shilingi 300, mrefu kukuzidi, na utaniuliza kwa nini mimi ni ghali. Mara nyingi ule umeng'olewa kwenye ua wa mtu, mizizi imekatwa kwa jembe, ukasokomezwa kwenye gunia na udongo ukashindiliwa jana yake. Majani bado mabichi kwa sababu mti haujapata habari. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na haipendi kabisa kusumbuliwa. Bwana mmoja wa njia ya Kibos alipanda safu nzima ya namna hiyo kuelekea getini kwa ajili ya harusi ya bintiye. Harusi ilifika akiwa na safu ya fito. Alilipa wachimbaji mara mbili, na miche mara mbili, na ya pili ilikuwa yetu.

Unachonunua kwetu ni muda. Kipandikizi cha unene wa penseli kinakaa kivulini kama miezi miwili kabla ya kushika mizizi, na si vyote vinavyoshika. Zambarau haina shida, lakini nyeupe na ya chungwa zinadeka, tunapoteza nyingi. Inayopona inahamishwa mfuko hadi mfuko, inaminywa ncha ili itanuke badala ya kurefuka kama ufito. Hapo hatujahesabu maji, samadi na mlinzi wa usiku.

Na huo muda wote unaweza kupotea kwa dakika moja siku ya kupanda. Usiushike mche shingoni ukauvuta kutoka mfukoni. Uweke na mfuko wake ndani ya shimo, pasua mfuko kwa wembe kutoka juu hadi chini, kata na kitako, kisha uutoe mfuko kwa upande huku mkono mwingine umeushikilia udongo. Donge lisivunjike. Wale wanaokung'uta udongo "ili mizizi ipumue" ndio wanaorudi baada ya wiki wakisema mche ulikuwa mgonjwa.

Neno moja kwa walionunua yenye rangi mbili. Ile imeunganishwa: nyeupe imewekwa juu ya shina la zambarau lenye nguvu. Chochote kinachochipua chini ya kiungo kivunje kikiwa bado laini. Mzee mmoja wa Milimani aliyaacha machipukizi hayo kwa sababu "yanaonekana na afya", na mwaka uliofuata nyeupe ilikuwa imemezwa yote, akasema tulimpaka rangi. Ya chungwa kugeuka waridi ikizeeka, hiyo ni tabia yake, si udanganyifu.

Wateja wa Nakuru, kwenu usiku ni baridi na mche unakwenda polepole. Upandeni kando ya ukuta unaopigwa na jua la mchana na muwe na subira kuliko watu wa ziwani.

Atakayekuja kulalamika tunamkaribisha, tena mche uliokufa kwa kosa letu tunaubadilisha bila maneno. Ila njoo na picha tatu: moja ya saa tatu asubuhi, moja ya saa sita, moja ya saa kumi, zote zionyeshe kivuli kinapoangukia. Na uje na kijana anayeshika mpira wa maji, kwa sababu maswali yangu mengi ni yake.