Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Sayansi, tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Tunajua majukumu yako ni mengi, hivyo kukubali kwako kuwa nasi leo tumekupokea kama heshima.

Ndugu Mgeni Rasmi, darasani sote tumekariri hatua za mbinu ya kisayansi: kutambua tatizo, kuunda nadharia tete, yaani jibu la kukisia linaloweza kupimwa, kufanya jaribio, kukusanya data, kuzichambua na kutoa hitimisho. Kwenye mtihani tunazipanga bila kukosea. Lakini mwanzoni mwa mwaka mwalimu mlezi wetu alituuliza: mara ya mwisho kuzitumia nje ya maabara ilikuwa lini? Hakuna aliyenyoosha mkono. Jibu tulilipata wiki chache baadaye, kwenye tochi.

Tochi ya klabu iligoma kuwaka jioni moja. Mwenzetu akaipigapiga kiganjani. Ikawaka sekunde moja, ikazimika. Mmoja akasema betri zimekwisha, mwingine akasema balbu imeungua. Kwa mazoea yetu tungebadilisha vyote kwa mpigo. Tochi ingewaka, tungeenda zetu, na hadi leo tusingejua ilikuwa na ugonjwa gani.

Safari hii tuligusa kitu kimoja kimoja. Tulisema: kama betri zimekwisha, basi hata tochi nyingine isiyo mbovu haitawaka tukizitia humo. Tukazitia, ikawaka. Dhana ya betri ikafa palepale. Tukahamisha balbu, nayo ikawaka. Kumulika ndani ya ile tochi mbovu, tukaona springi ya kwenye kifuniko imeshika kutu. Tukaikwangua kwa msasa mpaka ikang'aa, tukafunga, tochi ikawaka.

Wengi wetu tulishaanza kukusanya vitu tuondoke. Mwanachama mmoja akakataa kuondoka. Alituuliza: "Mmejuaje ni kutu? Huenda ni kule kuifungua na kuikaza upya tu." Tuliudhika kidogo, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Kesho yake tukatafuta tochi nyingine iliyokufa, yenye kutu mahali palepale. Tukaifungua na kuikaza mara tano bila kuigusa springi. Haikuwaka hata mara moja. Tukakwangua kutu, ikawaka. Ndipo tukaandika daftarini kwamba kwa tochi hizi mbili kikwazo kilikuwa kutu. Hatukuandika "tochi zote", maana tochi zote hatukuzipima.

Tangu siku hiyo tunaziona hatua hizi kila mahali. Mtu ambaye simu yake haichaji hujaribu waya mwingine, kisha soketi nyingine. Mzazi wa mtoto anayelia usiku humgusa paji la uso, humwangalia nepi, humlisha, na kila mara husubiri aone kama kilio kitakoma. Wanafanya uchunguzi wa kweli, ingawa hawautaji kwa majina ya vitabuni.

Hatua inayorukwa mara nyingi, kwa maoni yetu, ni ile aliyotulazimisha mwenzetu: kulijaribu jibu lako mwenyewe kama vile unataka lishindwe. Mwanafunzi mwenye kalamu ya bahati anaukumbuka vizuri mtihani aliofaulu akiwa nayo. Mitihani aliyofeli akiwa nayo haihesabu, wala ile aliyofaulu kwa kalamu nyingine. Ana dhana, ila hajawahi kuipa nafasi ya kushindwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, jambo hili lina uzito kuliko tochi. Katika hospitali kuu ya Vienna, Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliona kuwa wodi ya uzazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao ilikuwa na vifo vingi vya homa ya uzazi kuliko wodi ya wakunga. Akapima sababu moja baada ya nyingine. Je, ni msongamano? Wodi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi. Je, ni hali ya hewa? Wodi zote mbili zilikuwa na hewa ileile. Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alifariki baada ya kukatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, na mwili wake ukaonyesha dalili zilezile za homa hiyo. Semmelweis akawaza: madaktari hutoka kwenye maiti kwenda kwa kina mama wanaojifungua, wakunga hawafanyi hivyo. Mwezi Mei akaagiza madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili, katika wodi ya madaktari, walikuwa wamefariki kina mama zaidi ya 18 katika kila 100 waliojifungua. Juni walikuwa takriban 2. Wakati huo vijidudu vya maradhi vilikuwa havijathibitishwa, na madaktari wengi walimpinga. Kila tukisoma habari hii tunawafikiria wale kina mama wa mwezi Aprili.

Pamoja na mafanikio haya, klabu yetu ina upungufu. Vipimajoto na lenzi hazitutoshi, na kipindi cha vitendo huisha kabla hatujarudia jaribio hata mara moja. Tunaomba utusaidie kupata vifaa hivyo, na utuombee kwa uongozi wa shule vipindi viwili vinavyofuatana kwa wiki.

Tochi zote mbili ziko kwenye meza ya kwanza mlangoni, pamoja na daftari letu likiwa wazi kwenye ukurasa wa siku ile. Tunakuomba uanzie hapo, usome tulichoandika, kisha utuulize: "Mmejuaje?"

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Klabu ya Sayansi