Beberu Anapojikamua Bila Kukojoa: Anza Kuangalia Gunia la Pumba

Simu iliingia saa nne usiku, kutoka kwa mfugaji wa huko milimani Mgeta, mkoani Morogoro. "Beberu wangu amevimbiwa, nimpe nini?" Tulimuuliza mambo mawili: anakojoa? Na anakula nini? Akasema tangu asubuhi anajikamua tu, na chakula chake ni pumba za mahindi safi kabisa, debe moja kwa siku tatu. Tukamwambia hakuvimbiwa, njia yake ya mkojo imeziba, atafute daktari wa mifugo usiku ule ule. Daktari alifika alfajiri, beberu ameshakufa.

Hilo lilituumiza kwa sababu pumba zile zilitoka dukani kwetu. Tulimuuzia gunia baada ya gunia bila kumuuliza anamlisha nani. Siku hizi kila anayenunua pumba tunamuuliza, na makala hii ni kwa ajili ya wale ambao hatujapata nafasi ya kuzungumza nao.

Mgeta wanajua thamani ya beberu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipopeleka mbuzi wa maziwa wa Norwe katika vijiji vya kule, beberu mmoja mzuri amekuwa akipandishia majike ya kaya nyingi. Akifa yeye, jirani zako wote wamepata hasara. Ndiyo maana watu humpa "chakula kizuri" kuliko wengine, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili wa mbuzi unataka kinyume chake: kalsiamu sehemu mbili kwa fosforasi sehemu moja. Fosforasi inayozidi hutoka na mkojo, na humo hugandamana na madini mengine ikawa chembechembe kama mchanga. Jike ana njia ya mkojo fupi na pana, mchanga unapita. Dume njia yake ni ndefu, nyembamba, ina kona katikati, na mwishoni kabisa ina kijimrija chembamba. Chembe moja ikikwama hapo, mkojo wote unabaki kibofuni. Aliyehasiwa akiwa mdogo sana yuko hatarini zaidi, kwa kuwa njia yake haikupata kupanuka. Kwa hiyo wanaonenepesha madume ya Idi na Krismasi kwa pumba na mahindi, hili linawahusu pia.

Dalili za kuziba kwa mkojo zinafanana na kufunga choo, na wengi hudanganyika hapo. Anachanua miguu ya nyuma, anajikamua, anatikisa mkia, analia, anajipiga teke tumboni. Mkojo unatoka tone kwa tone, wakati mwingine na damu, na kwenye nywele za ncha ya ngozi inayofunika uume unaweza kuona chembe nyeupe zimeganda. Usimnyweshe mafuta ya kula wala dawa ya tumbo, haziwezi kufika kibofuni. Ita daktari siku hiyo hiyo. Akiwahi, mara nyingine hukata kile kijimrija cha mwisho tu na mkojo ukafunguka. Na akitulia ghafla bila kukojoa, usifurahi. Huenda kibofu kimepasuka, mkojo unamwagikia tumboni.

Sasa tuzungumzie kumlisha. Mbuzi kwa asili si mla nyasi kama ng'ombe. Ni mchumaji wa majani ya vichaka, ukimwachia porini utamwona amesimama kwa miguu miwili kama swala twiga. Msingi wa chakula chake uwe majani na matawi, yaliyofungwa juu au kuwekwa kwenye hori, maana yakianguka chini akayakanyaga hayataki tena. Matete yaliyokatwa machanga ni mazuri, yakikomaa yanabaki kuwa kijiti chenye protini kidogo sana. Changanya na majani ya miti ya malisho kama lusina, kaliandra na mforosadi, majani ya viazi vitamu au mabaki ya maharage, ambayo yana protini na kalsiamu ambayo pumba hazina. Lusina isizidi theluthi ya majani ya siku, ina sumu yake ikizidi. Majani ya muhogo yanyaushwe kwanza.

Beberu ambaye hapandi anatosheka na majani hayo, jiwe la madini na maji. Wakati wa kupandisha mpe robo hadi nusu kilo ya chakula cha mchanganyiko kwa siku, basi. Jike anayekamuliwa ndiye wa kuongezewa: gramu 300 hadi 400 kwa kila lita ya maziwa, igawe asubuhi na jioni wakati wa kukamua.

Mchanganyiko tunaoutengeneza dukani kwa mbuzi wa maziwa, kwa kilo 100, ni pumba za mahindi kilo 48, mashudu ya alizeti 25, mahindi yaliyoparazwa 22, chokaa ya mifugo 3, chumvi 1 na mchanganyiko wa vitamini na madini kilo 1. Protini yake inafika kama asilimia 14. Zile kilo tatu za chokaa ndizo watu hutuomba tuziondoe ili bei ishuke, na hatukubali, kwa sababu ndizo zinazorudisha uwiano wa kalsiamu. Ukichanganya mwenyewe nyumbani, nunua chokaa ya kulishia mifugo. Ya kupakia ukuta inaunguza.

Ukibadilisha chakula, badilisha taratibu kwa siku kumi hadi kumi na nne. Tumboni mwa mbuzi kuna vijidudu vinavyosaga chakula kwa niaba yake, na vinahitaji muda kuzoea. Mbuzi aliyevunja stoo akabugia mahindi anaweza kufa kwa tumbo kuchacha hata kama ana afya tele.

Maji nayo yanasahaulika. Kule milimani baridi ikikaza, beberu hanywi, mkojo unakuwa mzito na mchanga unajijenga haraka. Mpelekee maji ya uvuguvugu asubuhi, na ile chumvi ndani ya chakula itamtia kiu.

Pumba zikiwa na kuvu au zinanuka uvundo, usiseme "ni za mifugo tu." Sumukuvu inapita kwenye maziwa, na watoto wako ndio wanaoyanywa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo hiyo kwenye mahindi. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Ukija dukani tuambie una majike mangapi yanayokamuliwa, yanatoa lita ngapi, dume ni wangapi, na majani gani unayapata shambani. Tunakupimia mchanganyiko kuanzia kilo 10, na ukija na mashudu au mahindi yako mwenyewe tunakuchanganyia kwa gharama ya kazi tu. Mwenye beberu anayekula pumba peke yake asisubiri siku ya gulio. Atupigie leo tumwelekeze namna ya kumpunguzia.