Babu yangu hakuzaliwa Ujerumani

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa makala ya kuwahimiza vijana wazijue koo zao. Mwandishi alimalizia kwa kusema kwamba siku hizi kazi hiyo ni nyepesi, unafungua tovuti ya nasaba na kujaza. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimesahihisha madaftari kwa miaka 34 hapa Rungwe, na tangu Januari nahangaika kusahihisha tarakimu moja kwenye tovuti ya namna hiyo. Sijamaliza.

Babu yangu mzaa baba alibatizwa mwaka 1911. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo huku kwetu vitabu vya zamani vya ubatizo vimeanza kwa mkono wa Mjerumani, na mwandiko wao wa enzi zile ni mtihani. Herufi e utadhani n. Tarakimu 1 wanaianza na mkia mrefu unaopanda, ukiwa na haraka utaapa ni saba. Nami nilikuwa na haraka. Mvua ilikuwa inapiga bati, mzee wa kanisa aliyenifungulia kabati ana mazishi saa nane, kila dakika anatazama saa. Nikaandika namba yake ya ubatizo kuwa 174. Niliporudi mara ya pili, na lenzi mkononi, nikaona kwamba saba zote za yule Mjerumani zina kistari katikati. Hii haikuwa nacho. Ni 114.

Nikaazima kishikwambi cha mkamwana, nikafungua ukurasa wa babu, nikabofya chanzo, yaani pale unapotaja habari umeitoa wapi, nikafuta 7, nikaweka 1, nikahifadhi. Dakika mbili. Kesho yake nafungua ukurasa wa mdogo wake babu, nakuta 114. Shemeji yake, 114. Ndugu 26 niliowaunganisha na kitabu kile, wengine wao wamebatizwa baada ya vita, wote namba ileile, kana kwamba walinyunyiziwa maji kwa mkupuo. Kumbe tangu mwanzo wote walikuwa na 174, ila sikuwahi kuwarudia. Namba ya babu nilikuwa nimeiweka kwenye jina la kitabu badala ya kisanduku cha mtu mmoja mmoja. Kosa ni langu, sikatai. Lakini visanduku hivyo viwili vinafanana kama mapacha, na maelezo yake ni ya Kiingereza kitupu.

Kuwatenganisha ndiyo kazi sasa. Hakuna njia ya kuwashika wote kwa pamoja. Unafungua mmoja, unaondoa chanzo, unaulizwa kwa nini unakiondoa, unaandika sababu, unaanza kukijaza upya: jina la kitabu, aliyekiandika, aliyekichapa, anwani ya tovuti kinakopatikana. Kitabu chetu hakina anwani ya tovuti. Kina kabati, na ufunguo anao mzee wa kanisa. Katikati ya yote hayo bando linakata.

Halafu lipo la mahali. Kitabu kinasema babu alizaliwa wilaya ya Neu-Langenburg, na hilo ndilo jina Wajerumani walilouita mji wa Tukuyu. Nikaliandika kama lilivyo. Mtambo ukaona jina la Kizungu, ukanisaidia bila kuombwa: ukampeleka babu Langenburg, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani. Mzee yule hakuvuka hata Mto Songwe kwenda Nyasaland, Malawi ya leo. Safari yake moja ya kukumbukwa ilikuwa kwenda kuchimba dhahabu Lupa, akarudi na malaria.

La jina ndilo lililonigombanisha na ndugu. Sisi jina letu la ukoo linaanza na Mwa-, kama wengi wa huku, na Mjerumani akaandika Mua-. Kwenye ukurasa wa babu nimeandika Mwa-, maana ndivyo alivyoitwa. Kwenye chanzo nimeacha Mua-, maana ndivyo kitabu kinavyosema. Binamu yangu mmoja aliye ughaibuni kila akipita anaisahihisha ile ya kwenye chanzo iwe Mwa-. Nimemwandikia mara tatu: bwana, ukinukuu, nukuu na makosa yake. Siku mjukuu wako atakapokwenda kulitafuta jina hilo kwenye kile kitabu, atapita juu yake bila kuliona. Ananijibu kwamba mimi bado nina kalamu nyekundu mfukoni. Ni kweli ninayo.

Haya yote ningeyavumilia. Lililonifanya nikuandikie ni la shangazi. Juni 2014 nilikaa naye jikoni kwake Masoko akimenya ndizi, akaniambia kwamba bibi, mama yake, alizaliwa mwaka ule askari wa Waingereza walipotoka Nyasaland wakaingia Tukuyu. Huo ni 1916. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Shangazi mwenyewe alifariki 2019. Nikajaza: masimulizi ya shangazi, Masoko, Juni 2014, nimeyaandika mimi niliyeyasikia. Mwezi Machi mtu nisiyemjua akakiondoa chanzo hicho, akaacha maneno kwamba hakithibitiki. Badala yake akaweka mti wa ukoo uliojazwa na mtu mwingine, nao tovuti imeupokea bila swali kwa kuwa una anwani. Nikaufungua mti huo. Ni nakala ya mti wangu mwenyewe, wa kabla sijausahihisha. Babu yumo, namba 174, kazaliwa Ujerumani. Bibi kawekewa 1920, mwaka niliokuwa nimeubuni kwa kukisia kabla ya kwenda Masoko.

Mhariri, mwandishi wako akirudia mada hii, naomba awaambie vijana waende kwanza kwa wazee na kaunta buku, waandike nani kasema, wapi, tarehe gani. Kitabu cha kanisa wakipige picha ukurasa mzima, wasinakili mstari mmoja na kukimbia kama nilivyofanya mimi. Na kwa kuwa Mbeya tuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, vijana wa pale wangeweza kututengenezea fomu ya Kiswahili yenye kisanduku cha mtu aliyesimulia. Mimi nitakuwa wa kwanza kuijaza.

Chanzo cha shangazi nimekirudisha jana usiku. Kwenye sababu nimeandika: nilikuwepo. Ndugu waliobaki na namba 114 ya babu ni tisa, nawasubirisha mpaka mwisho wa mwezi pensheni ikiingia ninunue bando.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe.