Sarufi itangulie mpangilio

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi vijana wanaotengeneza programu za kupanga vizuri msimbo (maandishi ya amri za kompyuta) waanze kwa kufafanua sintaksia (kanuni za uandishi) ya lugha husika ya programu, yaani maneno maalumu, maelezo ambayo kompyuta huyaruka, na matini yaliyomo ndani ya alama za mtajo. Katika lugha ya Java, mikwaju miwili (//) huanzisha maelezo, lakini ndani ya "http://" ni sehemu ya anwani tu. Programu niliyoitumia haikulijua hilo, ikaikata anwani katikati na kuniharibia kazi ya siku nzima. Lugha ya Python ni nyeti zaidi, kwa kuwa nafasi za mwanzo wa mstari ndizo zinazoonyesha amri ipi imo ndani ya ipi. Gofmt, programu ya kupanga msimbo wa lugha ya Go, huujengea msimbo mti wa sarufi kwanza, yaani ramani ya muundo wake, ndipo huuandika upya.

Mwandishi wa programu,
Morogoro